Mtoto alinyimwa hata maji: uzoefu wangu wa upasuaji wa ngiri Mtwara

Kwa upasuaji wenyewe sina neno. Daktari aliyempasua mwanangu ana mkono mzuri, Mungu amzidishie. Lakini yule dada wa zamu ya asubuhi, hapana. Mpaka leo nikimkumbuka roho inanipanda. Hospitali siitaji. Ipo hapa Mtwara mjini.

Mwanangu ana miaka mitatu. Alikuwa na uvimbe kinenani, akilia au akijikamua chooni unatoka, akilala unarudi ndani. Bibi yake kule Mikindani akasema tusubiri, utaisha wenyewe kama vitovu vya watoto vinavyoisha. Daktari akatuelewesha vizuri: kitovu kilichotokeza mara nyingi hujifunga mtoto anavyokua, ila ngiri ya kinenani haijifungi. Ile njia ambayo korodani hushukia kabla mtoto hajazaliwa imebaki wazi, na siku utumbo ukinasa humo mtakimbizana usiku. Tukakubali, tukapangiwa siku.

Maelekezo ya kujiandaa tulipewa dirishani, kwa haraka: "Asile wala asinywe chochote kuanzia saa mbili usiku." Basi. Hakuna karatasi, hakuna kuulizwa kama tumeelewa. Tukatii kama tulivyoambiwa, na alfajiri tukatoka Mikindani kwa bajaji ili tuwahi.

Tukakaa kwenye benchi. Jua likapanda. Wakapitishwa akina mama wa kujifungua kwa upasuaji, na hilo sina ugomvi nalo, dharura ni dharura. Ila mnalijua joto la Mtwara msimu wa korosho, kabla mvua hazijashuka. Mtoto midomo imemkauka, kalia mpaka sauti imekwisha, anaonyesha kidole kila chupa ya maji inayopita mbele yake. Nikamwendea yule dada wa zamu kwa adabu zote: "Samahani dada, zamu yetu bado sana? Mtoto ana kiu, naomba nimpe maji kidogo."

Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. "Mama, wewe ndiye utakayemlaza? Ukitaka kumnywesha mnyweshe, kisha umbebe urudi naye kwenu."

Mbele za watu! Mimi ni mtu mzima, nimeolewa, nina watoto, najibiwa kama nimekuja kuomba chumvi.

Mchana ndipo alipokuja mtaalamu wa usingizi kumwangalia. Akauliza mara ya mwisho mtoto kunywa maji ni lini. Nikamwambia jana usiku. Akasimama akanitazama. "Nani aliwaambia hivyo?" Akanieleza, na akina mama wenzangu naomba mlishike hili: chakula na maziwa ya kopo husimama saa 6 kabla ya nusu kaputi, maziwa ya mama saa 4, lakini maji meupe mtoto anaruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Sababu ni kwamba akishalala, koo haliwezi kujilinda, chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu. Maji hayakai tumboni muda mrefu. Kumbe mwanangu angeweza kunywa asubuhi yote ile!

Na hasara yake tuliiona pale pale. Walipotaka kumwekea kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, mishipa imejificha kwa kukosa maji. Wakachoma mkono huu, wakachoma ule, mwisho wakaupata mguuni. Hapo nililia mimi kuliko yeye.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri, alhamdulillahi. Upasuaji haukuchukua muda, na jioni ile ile tukaruhusiwa. Daktari mwenyewe alikaa na sisi akatueleza ya nyumbani: kidonda kisilowe, mtoto afutwe kwa kitambaa, panadoli ya maji ipimwe kwa kilo zake na si kwa kukisia kijiko. Akatuambia mfuko wa korodani unaweza kuvimba siku chache na tusiogope, ila homa, usaha au kutapika mfululizo turudi upesi. Bila maneno hayo ningepagawa nilipouona ule uvimbe. Bibi alikuja na mafuta ya nazi apake kwenye kidonda. Nikamwambia daktari amekataa, akayarudisha bila neno. Kazi kubwa ilikuwa kumzuia mtoto asikimbie, maana maumivu yalipopoa tu alitaka kwenda ufukweni na wenzake.

Nilikaa kuandika nikitaka kuwaambia msiende. Siwezi. Mikono ya pale ni salama, na ngiri ikitokea upande wa pili nitampeleka pale pale. Nendeni.

Ila kuna mama mmoja kutoka Tandahimba alikuwa ameketi ubavuni kwangu, na mwanawe mdogo kuliko wangu. Aliposikia nilivyojibiwa, alikikunja kitenge chake akanyamaza, hakuthubutu hata kuuliza. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yangu yote. Nikamwomba yule mtaalamu wa usingizi amwangalie na yeye. Mtoto akapewa maji saa ile ile, kwa kuwa zamu yake ilikuwa bado mbali.

Malalamiko nimeyapeleka kwa mkuu wa wodi, akayaandika kwenye daftari, akaniahidi nitapigiwa simu. Bado sijapigiwa. Namba yangu ipo kwenye faili la mtoto.