Mafunzo ya majanga kwa ofisi za Kariakoo: vitendo vizuri, mpango wa maandishi haufai

Tangu jengo la ghorofa liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20, wenye ofisi wengi ninaofahamiana nao katika eneo hilo wamekuwa wakiulizana ni nani anayeweza kuwafundisha wafanyakazi wao la kufanya mambo yanapoharibika. Ofisi yetu, ambayo ni ya uwakala wa forodha na ipo ghorofa ya tatu juu ya maduka ya vitambaa na vyombo, iliamua kununua huduma hiyo kutoka kampuni binafsi ya hapa jijini. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa malalamiko yangu nimekwisha kuyafikisha kwao, na kwa kuwa wenzangu waliotumia watoa huduma wengine wananieleza kuwa wamekutana na kasoro zilezile. Kilichouzwa ni vitu vitatu kwa pamoja: mafunzo ya siku moja, zoezi la kuhama jengo, na hati ya mpango wa dharura ambayo mteja hubaki nayo. Mafunzo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Zoezi lilikuwa na manufaa makubwa, ingawa si kwa namna waliyoikusudia. Hati haina thamani ya karatasi iliyochapishiwa.

Mkufunzi wetu alikuwa askari mstaafu wa zimamoto, mtu wa maneno machache, na jambo la kwanza alilofanya ni kupita ofisini kimya akigusa ekstensheni za umeme kwa mgongo wa kiganja. Mbili alizikuta za moto, moja ikiwa imebebeshwa friji, birika la umeme na mashine ya fotokopi kwa pamoja, akazichomoa bila kumuuliza mtu. Baada ya hapo ndipo alipoanza kueleza kwamba katika majengo ya biashara ya aina yetu moto hauhitaji mkosi ili uanze, kwa sababu nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na feni sasa zinabeba viyoyozi, kompyuta na majiko. Saa nzima iliyofuata aliitumia kwenye mtungi wa kuzimia moto, na naona hapo ndipo fedha yetu ilipopata haki yake.

Wengi wetu tunapita mbele ya mtungi mwekundu kila siku bila kuwahi kuushika. Alipowasha moto ndani ya pipa lililokatwa, kwenye uchochoro wa nyuma, na kumwita mhasibu wetu auzime, dada huyo aliukamata mtungi kwa nguvu zote, akaubana mpini na kuanza kuvuta pini. Pini haikutoka. Alivuta tena hadi kidole kikaingia alama, na moto ukawa unapanda. Mkufunzi alimwacha ahangaike kidogo, kisha akamwambia, “Achia mpini kwanza, mama.” Pini ikatoka kwa vidole viwili. Mpini unapobanwa huikaba pini ndani ya tundu lake, na mtu mwenye hofu hubana kila anachokishika. Hakuna bango la ukutani litakalokufundisha hilo kama mkono wako mwenyewe haujakwama. Alitufundisha pia kusimama hatua kadhaa kutoka kwenye moto huku njia ya kutokea ikiwa nyuma yetu, kuelekeza mpira chini kabisa pale moto unapoanzia badala ya kwenye ndimi zinazotisha macho, na kufagia kulia na kushoto. Jingine lililotushangaza ni kwamba mtungi wa kawaida wa ofisini huisha ndani ya sekunde zisizofikia nusu dakika, kwa hiyo asiyeuzima moto ukiwa mdogo aondoke na afunge mlango nyuma yake.

Alikwenda mbele zaidi ya hapo. Alitueleza kwa nini mtungi wa unga, ambao ndio tuliouziwa kwa ajili ya chumba cha kompyuta, utauzima moto lakini utaacha vumbi linaloharibu mashine zote na kuzuia pumzi na macho ndani ya chumba kidogo. Kwamba ule wa gesi ya kabonidayoksaidi unafaa zaidi kwa vifaa vya umeme. Na kwamba mdomo wake mpana hupoa kiasi cha kuunguza ngozi ukishikwa ovyo. Aligeuza mitungi yetu yote na kutuonyesha mshale wa presha. Mmoja ulikuwa nje ya alama ya kijani, na kikaratasi cha ukaguzi kilikuwa kimepauka hata tarehe haisomeki.

Sehemu ya huduma ya kwanza ilipita haraka, lakini haikuwa mbaya. Tulifanya mazoezi ya kubana kifua kwenye sanamu, mibano 30 kwa pumzi 2, kwa mwendo wa mibano 100 hadi 120 kwa dakika, na karibu kila mtu alichoka mapema kuliko alivyodhani. Ningependa kuona muda mwingi zaidi juu ya kuzuia damu na kuhudumia majeraha ya moto. Kisanduku chenyewe tulichouziwa kama nyongeza kilijaa plasta ndogo za kidole na kilikuwa na bandeji moja tu.

Zoezi la kuhama jengo ndilo lililotufungua macho, na pia ndilo lililoonyesha udhaifu mkubwa wa huduma hii. Jengo letu halina king'ora kinachofanya kazi, kwa hiyo mkufunzi alipuliza filimbi. Tulitoka kwa utaratibu hadi kwenye ngazi za nyuma, ambazo ndizo zilizoandikwa kuwa njia ya dharura, tukakuta kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza kuna marobota ya vitambaa yamepangwa hadi kifuani, yakiacha upenyo wa mtu mmoja kupita ubavu. Chini kabisa tulikutana na geti la chuma lenye kufuli. Mlinzi aliyekuwa upande wa pili alitutazama kwa mshangao.

“Mzee, ufunguo uko wapi?”

“Anao kijana wa zamu. Kaenda kula.”

Mlinzi hakuwa na hatia. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna zoezi, kwa sababu mkataba wa huduma ulikuwa kati ya kampuni na ofisi yetu peke yake, na yeye ameajiriwa na mwenye jengo. Mafundi cherehani wa ghorofa ya pili waliisikia filimbi na kuendelea kushona. Wenye marobota walidhani tumetumwa na manispaa. Tulirudi juu, tukashuka kwa ngazi za mbele pamoja na wateja waliokuwa wakipanda, na mkufunzi akaandika kwenye fomu yake kwamba zoezi limekamilika. Nilipomuuliza kama kweli limekamilika, alisema kwa unyoofu kwamba yeye amelipwa kufundisha wafanyakazi wetu, si kulifundisha jengo.

Hapo ndipo penye kasoro ya msingi ya huduma inayouzwa kwa mpangaji mmoja mmoja. Moto hauangalii mkataba wa pango. Ofisi inaweza kuwa na watu waliofunzwa vizuri, mitungi mipya na orodha ya majina ukutani, na wote wakakwama kwa sababu ya kufuli ambalo si lao na mzigo ambao si wao. Kampuni inayotoza fedha kwa jina la maandalizi ya majanga ilipaswa kuanza na ukaguzi wa jengo zima kabla ya siku ya mafunzo, kuzungumza na mwenye jengo, na kumweka mlinzi katika mstari wa mbele wa washiriki, maana ndiye mwenye funguo, ndiye anayejua swichi kuu ya umeme iko wapi, na ndiye pekee anayekuwapo usiku.

Hati ya mpango wa dharura ilitufikia baadaye kwa barua pepe, ikiwa na nembo yetu kwenye jalada. Ukurasa wa pili unaagiza kwamba dharura yoyote iripotiwe kwa kupiga 999. Hapa kwetu namba ya dharura ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ukurasa mwingine unamtaka msimamizi azime boila ya kupasha joto jengo, agizo ambalo kwa mtu wa Dar es Salaam mwezi wa Februari linaweza kupokelewa kama utani. Mahali pa kukusanyikia pametajwa kuwa ni eneo la maegesho ya magari, ilhali jengo letu halina maegesho, na mlango wake unatazama barabara iliyojaa meza za wafanyabiashara ndogondogo, ambako hata gari la zimamoto litahitaji kuombewa njia. Kuhusu tetemeko la ardhi, hati inashauri kusimama kwenye fremu ya mlango, ushauri wa kizamani. Inayofundishwa sasa ni kuinama chini, kujikinga chini ya meza imara na kuishikilia. Hilo si suala la nchi za mbali, kwa kuwa tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa mbili usiku, tetemeko lililotokea baharini liliwatoa nje wakazi wengi wa jiji hili.

Lakini kilichonikera zaidi si makosa hayo, ambayo kalamu nyekundu ingeyamaliza kwa jioni moja, bali ni kile kisichokuwemo kabisa. Hakuna neno mafuriko popote. Ofisi ya Kariakoo isiyo na mpango wa mafuriko haijajiandaa kwa janga linaloifikia mara nyingi kuliko mengine yote, kwa kuwa mto Msimbazi unapofurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama, na wafanyakazi wanaoishi Magomeni, Ubungo, Kimara na Mbezi hubaki mjini bila njia ya moja kwa moja ya kurudi nyumbani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na baadaye familia kutoka bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika na wa vuli kabla ya msimu kuanza, kisha hutoa angalizo au tahadhari siku chache kabla ya mvua kubwa. Mpango wa maana ungeeleza ni nani ofisini anayefuatilia taarifa hizo, ni katika kiwango gani watu wanaruhusiwa kuondoka mapema, ni kazi zipi zinaweza kufanyiwa nyumbani, na nyaraka za wateja zilizoko stoo ya chini zinapandishwa juu na nani. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti za kwenda Zanzibar zilisimamishwa kwa muda kutokana na tahadhari iliyotolewa mapema. Shughuli kama zetu, zinazotegemea bandari, zina la kujifunza hapo.

Kukosekana kwa orodha ya waliomo ndani nako hakusameheki. Katika ajali ile ya Novemba 2024, baadhi ya waliofukiwa waliwasiliana na waokoaji na kupelekewa oksijeni na maji, na swali lililokuwa likirudi kila saa ni wangapi wengine wamebaki chini. Jengo la biashara linaingiwa na wateja, wabeba mizigo na wauza chakula ambao hawaandikwi popote, lakini angalau wafanyakazi wanaweza kuandikwa wanapoingia na kutoka, na nakala ya orodha hiyo ikakaa nje ya jengo au kwenye simu za watu wawili. Sisi sasa tunafanya hivyo bila msaada wa hati.

Kwa upande wa mtu binafsi na familia yake, mkufunzi alitenga muda mfupi mwishoni, na nilitamani angeurefusha. Alituomba tuweke simu mezani zikiwa zimezimwa, kisha kila mmoja aandike kwa kichwa namba za watu wawili wa karibu. Wachache sana waliweza. Aliwakumbusha wenye umri wa kukumbuka milipuko ya mabomu ya Mbagala ya Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto ya Februari 2011, ambapo familia nyingi zilipotezana na watoto kuokotwa mbali na kwao, kisha akashauri kila nyumba ikubaliane mahali pamoja pa kukutania na ndugu mmoja wa nje ya jiji wa kupigiwa. Ushauri huo haugharimu kitu, na nauona kuwa na uzito kuliko hati nzima.

Bei yao huhesabiwa kwa mshiriki, na hati inalipiwa kando kwa kiasi kinachokaribia nusu ya gharama ya mafunzo. Nisingeilipia tena hati hiyo. Anayetafuta mafunzo ya huduma ya kwanza peke yake anaweza kuuliza pia Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lenyewe hutoa elimu na kukagua majengo, jambo linalofaa kufanywa hata na ofisi ambayo imekwisha kununua huduma kwingine. Mwajiri asidhani kuwa cheti cha kampuni binafsi kinamwondolea wajibu wake chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Cheti tulichopewa kinathibitisha mahudhurio tu.

Nilipowaandikia, kampuni ilijibu kwa adabu, ikasahihisha namba za simu, ikaondoa boila, na kusema kuwa sura ya mafuriko inaweza kuongezwa kwa malipo ya ziada. Hilo la malipo tumelikataa. Tumeomba badala yake bei ya jengo zima, wapangaji wote pamoja na walinzi wa zamu zote mbili, na gharama kwa kila ofisi imeshuka hadi chini ya ile tuliyolipa peke yetu. Mwenye jengo amekubali kuchangia kwa sharti kwamba zoezi lifanyike Jumapili. Sisi tumesisitiza lifanyike siku ya kazi, mchana, ngazi zikiwa na wateja wake wa kawaida, na mazungumzo bado yanaendelea.