Maili Katika Safari za Ubia: Ununue Tiketi ya Namba Ipi

Ndege moja ya KLM inayotoka Nairobi kwenda Amsterdam huweza kuuzwa na KLM yenyewe kwa herufi KL, na Kenya Airways kwa herufi KQ, na Delta kwa herufi DL, ilhali abiria wote huketi ndani ya ndege ileile na kuhudumiwa na wahudumu walewale. Hiyo ndiyo safari ya ubia: shirika moja linarusha ndege, jingine linauza viti vyake kwa namba yake. Maili, yaani pointi ambazo shirika humpa msafiri na ambazo baadaye huweza kuzibadilisha kwa tiketi, zitakazoingia katika akaunti yako hutegemea sana herufi hizo mbili zilizo mbele ya namba ya safari, na jambo hilo huamuliwa siku unapolipa. Ukishafika kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, umechelewa.

Kabla ya kuchagua tiketi, chagua mpango mmoja wa maili na ushikamane nao, hasa kama unasafiri kwa nadra. Mtu anayeishi Minnesota na kurudi Kenya kila baada ya miaka mitatu hafaidiki na maili zinazokufa kabla hajapanda ndege tena. Maili za SkyMiles ya Delta hazina tarehe ya kuisha. Za Skywards ya Emirates hudumu kama miaka mitatu. Za Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, huisha baada ya miezi 24 ikiwa mwenye akaunti hajasafiri wala kufanya shughuli inayozihuisha. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayekwenda Ulaya kila mwaka anaweza kuzimudu za Flying Blue bila wasiwasi. Mwanafunzi aliyeko ughaibuni afikirie mara mbili.

Nafasi ya kwanza naipa tiketi yenye namba ya shirika lenye mpango wako, hata kama ndege inarushwa na mshirika wake. Ukiwa na akaunti ya SkyMiles na ukanunua kwa Delta safari ya Minneapolis hadi Nairobi kupitia Amsterdam, vipande vyote viwili vikiwa na herufi DL, mwanachama wa kawaida huhesabiwa maili 5 kwa kila dola ya nauli, pamoja na kile kipande kinachorushwa na KLM. Isipokuwa ile nauli ya chini kabisa ya Delta, ambayo haileti maili hata moja. Flying Blue nayo humpa mwanachama wa ngazi ya kwanza maili 4 kwa kila euro katika tiketi za Air France na KLM, lakini kodi za serikali na za viwanja hazihesabiwi. Uzuri wa njia hii ni kwamba unajua mapema utakachopata, na likitokea tatizo unadai kwa shirika moja tu.

Nafasi ya pili ni tiketi yenye namba ya shirika linalorusha ndege, huku maili zikienda kwenye mpango wa shirika jingine la muungano huohuo, yaani kundi la mashirika yanayotambuana maili. Hapa ndipo penye faida kubwa na hasara kubwa pia, kwa sababu kwa kawaida hesabu haifuati tena fedha uliyolipa. Inafuata umbali wa safari, ukizidishwa kwa asilimia iliyopangiwa herufi ya nauli yako, yaani ile herufi moja inayoonyesha aina ya nauli uliyolipa, tofauti na zile mbili za shirika. Nairobi hadi Amsterdam ni takriban maili 4,100 za umbali, yaani 8,200 kwenda na kurudi. Herufi inayopewa asilimia 25 italeta maili 2,050. Inayopewa asilimia 100 italeta 8,200. Linganisha na nauli ya euro 600 iliyohesabiwa kwa fedha, maili 4 kwa kila euro, ambayo italeta 2,400 tu. Kwa hiyo tiketi ya bei nafuu yenye herufi nzuri inaweza kuishinda ile niliyoiweka juu, na ndiyo maana nasisitiza kwamba jedwali la herufi za nauli la mpango wako lisomwe kabla ya kulipa. Mwulize wakala wako herufi ya nauli ya kila kipande, si daraja peke yake: viti viwili vya daraja la kawaida vilivyo ubavu kwa ubavu vinaweza kuwa na herufi tofauti. Njia hii inawafaa wanaopanda Ethiopian au Turkish, zote za muungano wa Star Alliance.

Nafasi ya tatu ni ubia wa mashirika mawili yasiyo ndani ya muungano mmoja. Emirates haimo katika muungano wowote, lakini Skywards ndiyo pia mpango wa flydubai tangu 2018, hivyo msafiri wa Zanzibar anayefika Dubai kwa flydubai na kuendelea kwa Emirates huweka maili zake mahali pamoja. Huo ni ubia imara. Mingine ni ya kuhakiki kwa kila safari.

Nafasi ya mwisho ni tiketi ya mashirika matatu: moja linauza, la pili linarusha, la tatu ndilo lenye akaunti yako. Mipango mingi hutaka muuzaji na mrushaji wote wawe washirika wake. Qatar Airways imo katika muungano wa Oneworld na ina ubia na RwandAir, ambayo haimo. Ukinunua safari ya Qatar kwa namba ya RwandAir yenye herufi WB, usitegemee kwamba akaunti yako katika shirika jingine la Oneworld itapata kitu.

Tiketi ikishatolewa, tazama tarakimu tatu za mwanzo za namba yake, kwa maana ndizo zinazoonyesha shirika lililoitoa: 074 ni KLM, 706 ni Kenya Airways, 006 ni Delta, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Tazama pia jina. Wengi wetu tuna majina matatu katika pasipoti, na akaunti iliyofunguliwa kwa mawili huweza kukataa maili za tiketi iliyoandikwa matatu. Sahihisha akaunti mapema. Namba yako ya uanachama iwekwe wakati wa kununua, kisha uihakiki tena kwenye pasi ya kupandia ndege, maana wakati mwingine hupotea taarifa zinapohama kutoka mfumo wa muuzaji kwenda wa mrushaji. Hifadhi pasi hiyo na risiti ya tiketi hadi maili zionekane. Zisipoonekana baada ya wiki chache, peleka dai kwa mpango wako wa maili, si kwa shirika lililokurusha, na uambatishe nakala za vyote viwili.