Kusomea batoto bitabu siku ya posho, Kadutu: nimeenda mara 6, njo hii niliona

Batu banaulizaka kama inafaa kupeleka batoto kule ao ni kupoteza muda tu. Ni kile kipindi cha siku ya posho (samedi) asubui, mu sale moja hapa Kadutu, mu Bukavu, bavolontere banasomea batoto badogo bitabu kwa sauti. Ni bule, hakuna kuandikisha, hakuna inifomu. Mimi napelekaka kabinti yangu ka miaka 4.

Mara ya kwanza nilikasirika kabisa. Balisema saa tatu, tukaanza saa ine na kitu, mvua ilikuwa imenyesha na zile njia zetu za kushuka munazijua, matope mpaka ku magoti, kufika pale kumbe mwenye ufunguo bado iko kwake. Halafu kijana moja wa iniversite akasimama na kitabu ya Kifaransa, anasoma mbio mbio sawa mutu anatangaza matanga ku redio, batoto bakaanza kupigania biti. Nikasema sirudi.

Mwenye alinirudisha ni mama moja anauzaka sambaza, bale basamaki badogo, ku soko. Yeye hasomi mbio, anafuata mustari na kidole, wakati ingine anakwama, lakini kusomea mutoto anajua! Kila ukurasa anasimama: "Sasa bana, huyu fisi anaenda wapi na ule mufuko?" Na hapeani jibu, anangoja. Moja anasema anaenda soko, mwengine anasema ameiba, ingine analia juu anamuonea huruma fisi, mama anacheka, njo anafungua ukurasa ingine. Hadisi ya dakika tano inakamata nusu saa na hakuna mutoto anasimama.

Bitabu byenyewe ni makaratasi ya kuprinti, banatoa ku African Storybook, ile mradi ya hadisi za batoto ku enternet ya shirika Saide ya Afrika Kusini, hadisi ziko nyingi na ruhusa ya kuprinti iko wazi, haulipi kitu. Ni muzuri, lakini Kiswahili ingine ni ya Nairobi kabisa. Siku moja ikafika pale baba anapanda matatu, kabinti yangu akauliza "matatu ya nini?", sale nzima ikacheka. Mama wa sambaza hakubabaika, akasoma taksibisi akaendelea. Shule pia anaisomaka "masomo", sawa vile tunaiitaka hapa. Kuko wazazi haibapendezi, banasema anaharibu kitabu. Mimi naona anaitengeneza.

Ni balebale banataka batoto basomewe mu Kifaransa, eti mutoto aanze mapema. Naelewa, mitihani ya mbele ni ya Kifaransa. Lakini hata sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inasema mutoto afundishwe kwanza mu luga ya taifa ao ya pale anaishi, na mutoto wa miaka 4 ukimusomea luga hasikii, anasikia kelele tu. Na badogo kabisa je? Baganga ba batoto ba Marekani balisema mu 2014 muzazi aanze kusomea mutoto tangu kuzaliwa, sasa pale kwetu mama mwenye kubeba mutoto mu mugongo anarudishwa ku mulango eti analeta fujo! Ile haiko sawa hata kidogo.

Shida ingine: batoto ni bengi mno. Nilihesabu 43, basomaji babili, bale ba nyuma hawaoni foto hata moja. Masomo ya primere ya Leta tangu ilikuwa bule mu 2019 darasa zimejaa, tunazoea, lakini siku ya posho tungekata bikundi bidogo, hata inje chini ya lebeti. Na bitabu haviruhusiwi kutoka. Niliomba, nikafanya fotokopi ya ile ya fisi na franka zangu.

Juzi jioni papa yake amerudi na uchovu, kabinti akamukalisha, akashika fotokopi kichwa chini, akasoma yote kwa moyo, halafu akauliza: "Papa, huyu fisi anaenda wapi?" Papa akasema sijui. Kabinti akangoja. Akangoja tena. Mpaka papa akatafuta jibu.

Mimi napeana nyota 4 juu ya 5. Mukienda, mubebe mukeka, mukae mbele upande wa dirisha, na musitoke nyumbani mbele ya saa tatu na nusu.