Dani ya Aikikai: cheti kinachostahili jasho lake
Kwa mwana-aikido, yaani mfuasi wa sanaa ya kujihami ya Kijapani, cheti cha Hombu Dojo (makao makuu ya Aikikai, shirika la aikido) ya Shinjuku, Tokyo, ndicho ninachokipa nyota tano. Dani ya 1, daraja la kwanza la mkanda mweusi, hudai siku 70 za mazoezi baada ya kyu ya 1, daraja la mwisho kabla yake. Dani ya 2, angalau mwaka mmoja tangu dani ya 1 na siku 200 za mazoezi. Wengi hukwamia hapo kwa kutoandika mahudhurio, basi weka daftari mapema. Cheti huandikwa Kijapani, kutoka juu kwenda chini, kwa jina la Doshu, mkuu wa aikido: sasa Ueshiba Moriteru, aliyempokea babake Kisshomaru mwaka 1999, naye Kisshomaru alimrithi mwasisi wa aikido, Morihei, mwaka 1969. Shihan ni cheo cha ualimu, si dani. Hata mwenye dani ya 6 hapewi papo hapo.