TAHADHARI: Dalali wa karavani pwani ya Essex, Uingereza, Mswahili mwenzetu kabisa

Wenzangu, hili jambo nimekaa nalo moyoni wiki ya tatu sasa, leo nalitoa. Najua wapo watakaosema mbona yule dada mjanja, aliingizwaje mjini kirahisi hivyo. Semeni tu. Nimelipa paundi 21,000 kununua nyumba, na nyumba yenyewe sina ruhusa ya kuishi ndani yake. Mnaokijua kile kiwanja cha Kigamboni mnaelewa ni hela ipi ninayoizungumzia. Na mchezo wangu wote wa kupeana hela wa mwaka ule umo humohumo.

Kuna kaka mmoja Mtanzania anauza karavani upande wa Clacton. Zile nyumba ndefu zilizopangwa mistari karibu na bahari, zina magurudumu chini lakini haziendi popote. Jina lake nimeshalipeleka panapohusika kwa hiyo hapa silitaji, lakini wengi mmekula naye sahani moja. Ni mtu wa misiba, mtu wa kusimama mbele na kutangaza michango. Siku ile ya mchango wa Ilford alitoa paundi 100 mbele yetu sote. Ndipo nilipochukua namba yake.

Tulikwenda Jumapili ya Februari mwaka jana. Alitufuata nyumbani Barking, London, kwa gari lake, mimi, baba watoto na wanangu wawili, hakutaka hata hela ya mafuta. Njia nzima ni Tanga tu. Ananiuliza kwenu Ngamiani barabara ya ngapi, namwambia ya 12, anasema shangazi yake alikuwa anauza vitumbua barabara ya 14, pale kwenye kona. Mtu akikwambia hivyo, na wewe una miaka sita hujamwona mama yako, utamdai kitambulisho?

Mlango ulipofunguliwa joto likatupokea. Nje upepo wa bahari unakata masikio, ndani watoto wanavua makoti wenyewe bila kuambiwa. Sikujua kwamba gesi ilikuwa imewashwa tangu alfajiri kwa ajili yetu. Zulia jipya, makochi yamezunguka dirisha kubwa, jiko lina oveni, vyumba viwili. Chumba cha nyuma kilikuwa kinanuka rangi mbichi, nikasema moyoni huyu ni mtu msafi, kapaka rangi kabla ya kuuza. Leo hii ukuta ule nyuma ya kabati umeota ukungu mweusi mpaka usawa wa kiuno, na mwanangu mdogo amelala na kikohozi kuanzia Novemba.

Halafu akatuonyesha dirishani. Bibi wa Kizungu alikuwa nje ya karavani ya jirani, kavaa gauni la nyumbani na ndala, anamwagia maji maua yake kwenye baridi ile. "Unamwona bibi yule? Anaishi hapa mwaka mzima." Bibi yule nimekuja kuzoeana naye. Ana nyumba yake Romford. Huja Ijumaa, huondoka Jumapili.

Mkewe alikuja na chai ya tangawizi kwenye chupa na visheti kwenye kopo. Tumekaa mezani, tunakula, ndipo akautandaza mkataba, kurasa sita, maandishi madogo. Akabonyeza kalamu, akazungushia duara maneno ya miezi 12. "Dada, soma mwenyewe hapo. Mwaka una miezi mingapi?" Nikasoma. Miezi 12, kweli. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimelala juu ya mstari unaofuata, kimetulia, kama anazuia karatasi isipeperuke. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kisha akafunua ukurasa kabla hajakinyanyua.

Mstari ule nimeusoma mwezi uliopita: kwa matumizi ya likizo tu, na mnunuzi awe na makazi yake ya kudumu mahali pengine.

Baba watoto alisema tuuchukue tukausome nyumbani. Mimi, mimi mwenyewe, ndiye niliyesema tusimvunjie heshima kaka wa watu mbele ya mkewe. Nikasaini. Paundi 3,000 tulimpa mkononi palepale, za kuishikilia, hakuandika risiti. Zilizobaki nilizituma Jumatano kwenye akaunti yake mwenyewe.

Na msiniambie tamaa. Barking tulikuwa tunalipa paundi 1,650 kwa mwezi, mnaijua nyumba ile na panya wake. Huku ada ya kiwanja, yaani eneo karavani ilipoegeshwa, ni paundi 5,200 kwa mwaka, piga hesabu, ni kama 430 kwa mwezi. Nyumba za kulea wazee zimejaa Clacton, kazi nilihamishia kule ndani ya wiki mbili. Mama nilimtumia video nikizunguka chumba hadi chumba, akalia, akasema mwanangu una nyumba Ulaya. Kila Ijumaa ananiuliza maua yangu yameotaje. Bado sijamwambia.

Baridi ilipoingia ndipo tulipoanza kuona. Mtungi wa gesi wa kilo 47 ulikuwa hauvuki siku kumi Desemba. Asubuhi dirisha linatiririka maji kwa ndani, godoro limelowa chini. Bomba likaganda, siku mbili tunachota maji kwenye ndoo kutoka bafu la wageni wa kiwanja. Nilimpigia akasema nivumilie, ni mwaka wa kwanza tu.

Januari ikaja barua ya ofisi ya kiwanja: leteni bili ya kodi ya kaunsili (serikali ya mtaa) ya nyumba yenu ya kudumu, la sivyo mna siku 28 za kutoka. Nyumba yetu ya kudumu ipi? Si hii hapa! Nikampigia mikono inatetemeka. Akaniambia kwa sauti ileile ya upole, "Dada, chukua bili ya ndugu yako wa Barking, jina libadilishwe, mbona wote wanafanya hivyo." Yaani nighushi. Mimi ninayehudumia wazee, ambaye rekodi yangu ikichafuka kidogo tu kazi imekwisha. Nilipokataa sauti ikageuka. Akasema nikimsumbua atawaandikia watu wa viza. Tangu siku hiyo ujumbe wangu ni tiki moja.

Wanangu wamehamishwa shule katikati ya mwaka. Tunalala sebuleni kwa dada yangu. Ofisi ya kiwanja imesema itainunua karavani kwangu kwa paundi 3,500. Kutoka 21,000, ndani ya mwaka mmoja!

Mama mmoja wa kaunsili alinieleza kwa dakika kumi jambo ambalo kaka huyu alilijua siku zote. Hapa Uingereza viwanja viko vya aina mbili. Vya makazi vinalindwa na sheria ya mwaka 1983, mwenye kiwanja hawezi kukutoa bila mahakama, na lazima upewe masharti yote kwa maandishi siku 28 kabla ya kusaini. Cha likizo hakina ulinzi huo, hata kikifunguliwa miezi 12. Miezi 12 maana yake ni kwamba unaweza kuja kupumzika mwezi wowote, basi. Na karavani yenyewe ni tofauti: zilizojengwa kwa kukaliwa mwaka mzima hufuata kiwango kinachoitwa BS 3632. Yangu si hiyo, ni ya kiangazi.

Kwa hiyo mkiambiwa "miezi 12" ulizeni leseni ya kiwanja inasemaje. Iko kaunsili, mtu yeyote anaruhusiwa kuitazama. Na bili ya kodi ya kaunsili: ukiishi kihalali kwenye kiwanja cha makazi, inakuja kwa jina lako. Mimi haikuja mwaka mzima, na nilifurahi. Kaka huyu aliniambia imo ndani ya ada. Pia alinikataza katakata nisiongee na ofisi ya kiwanja, kila kitu kipitie kwake. Na haraka ile, eti kuna Mghana anakuja na hela kesho. Mengine sina hata nguvu ya kuyaandika.

Ninachotaka mimi ni mtu huyu afikishwe mbele ya sheria. Polisi nimeshaandikisha, na Citizens Advice, wale wanaotoa ushauri bure, wamelipeleka kwa wanaosimamia biashara. Lakini nataka na sisi wenyewe tumhukumu. Asishike tena daftari la mchango wa msiba wa mtu yeyote. Wazee wa msikiti mnaonisoma, mwiteni, mkewe naye aitwe, alikuwepo mezani anamimina chai wakati kidole kile kimelala juu ya karatasi. Arudishe hela ya watu. Akishindwa auze gari lile alilotubebea. Anakula jasho la watu wanaowageuza wagonjwa vitandani usiku kucha, halafu anawatisha kwa viza zao wanyamaze! Mimi sinyamazi. Viza yangu iko halali na mwanasheria ameniambia hana la kunifanya.

Tangu jana wameshanitumia ujumbe wawili, mmoja ni mama wa Kimombasa aliyelipa 17,500 kiwanja hichohicho, naye aliambiwa shangazi yuko Old Town anauza viazi karai. Tunakusanya karatasi. Kama ulimlipa, hata kama ulimlipa mkononi tu, tafuta ujumbe wa simu, tafuta picha ya mkataba, nitumie. Jumamosi baada ya adhuhuri tutakuwa nyumbani kwa dada yangu, anwani mnaijua.