Tisheti za Black Panther: kitambaa tano kwa tano, maelezo mawili kwa tano

Nimechukua tisheti mbili za Black Panther, kile chama cha watu weusi wa Marekani cha miaka ya 60 na 70, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa Dar, jina lake nalihifadhi maana kijana bado anajitafuta na sitaki watu wakamjazie inbox. Moja ina yule chui mweusi anaruka kucha nje, ya pili ina Huey Newton, mmoja wa waanzilishi wa chama, kakaa kwenye kile kiti cha henzerani chenye mgongo mpana kama mkia wa tausi, mkono mmoja mkuki mwingine bunduki. Elfu 25 kila moja, boda unalipa mwenyewe. Koton nzito, haionyeshi ndani, shingo haijalegea pamoja na kufuliwa sana, na printi sio ile ya plastiki inayobanduka ukigusisha pasi. Kwa bei hiyo hapa mjini hupati kitu kama hiki, hapo sina neno.

Sasa shida inaanza ukigeuza mgongo. Kwenye tisheti ya chui kaweka ngumi ya Olimpiki ya 1968, chini yake ile kauli ya Malcolm X ya kupata haki kwa njia yoyote ile, alafu kwenye posti kaiweka fungu moja na tisheti za Wakanda. Yani kachanganya madesa vibaya mno. Malcolm aliuawa Februari 1965, chama kimeanzishwa Oakland, California, Oktoba 1966 na Huey na Bobby Seale. Walimpenda na walisoma sana maneno yake ndio, ila hakuwahi kukiona. Tommie Smith na John Carlos, wale wakimbiaji wa Marekani walionyanyua ngumi kwenye Olimpiki kule Mexico, walikua kwenye harakati ya wanamichezo, sio wanachama. Na Wakanda ni nchi ya kwenye katuni na sinema bana, tuache.

Huyo chui mwenyewe ana stori tamu kuliko yote hayo na kwenye kikadi cha tisheti haimo hata nusu mstari. Katoka Alabama, kaunti ya Lowndes, sehemu ambayo weusi walikua kama asilimia 80 ya watu na mwaka 1965 unaanza hakuna hata mmoja kati yao aliyeandikishwa kupiga kura. Vijana wa SNCC (kikundi cha wanafunzi waliopigania haki za weusi) akina Stokely Carmichael wakaingia kule, wakasaidiana na wenyeji kuunda chama chao, na kwa kua wapiga kura wengi hawakujua kusoma ilibidi kila chama kiwe na picha kwenye karatasi ya kura. Wale wa Democratic wa Alabama walikua na jogoo mweupe mwenye maandishi ya ukuu wa wazungu juu yake (Wakenya mliokulia na jogoo wa KANU mnaelewa picha ya jogoo inavyofanya kazi), ndo hawa wakamjibu kwa chui mweusi. Kwaiyo kabla hajapelekwa Oakland akavalishwa bereti, chui alikua ni alama ya kupigia kura. We unamuuza kama nembo ya jeshi.

Ila nisimwonee dogo, sura ya kijeshi Panther wa Oakland walijipa wenyewe na walijua wanachofanya. Jaketi jeusi la ngozi, shati la bluu mpauko, bereti, hiyo ilikua yunifomu imepangwa. Tarehe 2 Mei 1967 watu kama 30 wakaingia na bunduki kwenye jengo la bunge la California kule Sacramento, kupinga mswada wa kuwakataza kutembea na silaha zenye risasi hadharani, jambo ambalo mpaka siku hiyo lilikua halali kisheria. Seale akasoma tamko, kamera zote zikawafata wao. Kesho yake nchi nzima inawajua. Alafu mswada ukapita na gavana Reagan akausaini, na hiyo ndo bei ya ile picha, iliwaletea vijana wa kujiunga kwa wingi na ikampa kila aliyetaka kuwamaliza sababu mkononi.

Hiyo ya kiti nayo ni picha ya kupangwa, Eldridge Cleaver, kiongozi mwenzao, ndo aliyeipanga 1967. Huey alivyowekwa ndani kwa kesi ya kuuawa kwa askari, kwenye mkutano wa Februari 1968 Oakland wakaweka kiti kitupu jukwaani. Septemba hukumu ikatoka ya kuua bila kukusudia (ilikuja kutenguliwa 1970), muda mfupi baadae askari wawili wakaenda usiku kuimiminia risasi ofisi ya chama, bango la Huey likabaki dirishani na matundu. Askari wazima wanapiga risasi karatasi! Sijui utapata wapi ushahidi mwingine kwamba picha ilikua imefanya kazi.

Nikamuuliza muuzaji mbona hakuna hata disaini moja ya watoto wanakunywa chai. Akanijibu "Braza, ngumi inatoka, uji hautoki." Nikacheka ila kasema kweli. Januari 1969 walianza kuwapa watoto chai ya asubuhi bure kabla ya shule kwenye kanisa la St. Augustine Oakland, ikasambaa miji kibao, na mwaka huohuo J. Edgar Hoover wa FBI akawaandikia watu wake kwamba ule mradi wa chai ndo kazi yao yenye ushawishi kuliko zote na ndo kikwazo kikubwa kwenye mpango wa kuwamaliza. Yani mpelelezi mkuu aliogopa sahani, sisi tunanunua bunduki. Kuanzia 1971 wakaingia kwenye kampeni ya kupima sikoseli, ugonjwa ambao mzazi wa huku haitaji kuelezewa. Na wa kwao mmoja tunaye hapahapa, mzee Pete O'Neal aliyeanzisha tawi la Kansas City, aliikimbia Marekani akapitia Algeria akaingia Tanzania 1972, na 1991 yeye na mkewe Charlotte wakafungua kituo cha jamii Imbaseni, Arusha. Kikadi kingetaja hata hicho kimoja mteja angeelewa mambo.

Sisemi wachorwe malaika. 1969 New Haven wanachama walimtesa na kumuua mwenzao Alex Rackley wakimshuku mpelelezi, na hilo nalo ni lao.

Kingine, kwenye disaini zote hakuna mwanamke. Chama ambacho miaka ya 70 mwanzoni wanachama wengi walikua wanawake na toka 1974 kikaongozwa na Elaine Brown, we unaniletea Huey tu.

Mi naipa tatu na nusu kwa tano. Ukiagiza chukua ya kiti, ya chui subiri arekebishe mgongo, nimeshamwambia na kasema mzigo ujao ngumi ataitoa. Saizi zinabana kidogo kwaiyo panda moja juu, fua umeigeuza, na mwambie mapema kama unataka ya kike maana saivi hana, anakupa M ya kiume anakwambia ni oversize.