Prado ya 1998: nimeiacha dizeli, nikachukua petroli ya 2.7

Mimi ni daktari wa mifugo. Naishi Mbale, mashariki mwa Uganda, lakini kazi yangu kubwa iko kwa wafugaji wa Karamoja, Nakapiripirit na Amudat. Gari likifa njiani na barafu ikayeyuka kwenye sanduku la chanjo, dozi zimekwisha kazi, na wafugaji waliotoka alfajiri na ng'ombe wao wanarudi mikono mitupu. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta Toyota Prado mwaka jana, nilitaka injini itakayonifikisha na kunirudisha. Mengine yalifuata baadaye.

Prado za umbo hilo, lile la kuanzia 1996 hadi 2002, haziji tena kutoka Japani. Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Basi kila utakayoiona imeshakula vumbi na matope ya hapa miaka mingi, na injini unaichukua pamoja na tabia za waliokuwa nayo. Sifa za kiwandani utaambiwa na kila mtu. Kama mwenyewe alikuwa akijaza rejeta maji ya mtoni, hilo utalitafuta wewe.

Nilijaribu tatu. Ya kwanza ilikuwa V6 ya petroli, lita 3.4. Injini tamu, tulivu, inapanda kama haikubeba kitu. Lakini kwenye murram, barabara isiyo na lami, ilinipa kilomita 5 kwa lita, na lita ya petroli inazunguka shilingi elfu tano. Nikamrudishia mwenyewe ufunguo wake.

Ya pili ilikuwa dizeli, injini ya 1KZ-TE ya lita 3.0 yenye tabo (turbo). Muulize yeyote Mbale, atakuambia chukua hiyo, na ana sababu. Nguvu yake ya kuvuta inapatikana chini kabisa, kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kwa hiyo kwenye tope unaiacha itambae yenyewe bila kuikaba. Kilomita 9 hadi 10 kwa lita kwenye lami. Moyo wangu ulikuwa umeshahamia humo. Ila tulipofika, muuzaji alikuwa ameshaiwasha. Fundi wangu akaweka kiganja juu ya boneti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dokta, turudi kesho. Tuikute imelala."

Asubuhi, injini ikiwa baridi, tukafungua rejeta. Maji yalikuwa na rangi ya chai, kutu tupu, bila hata tone la kulanti, ile dawa ya kupoza injini na kuzuia kutu. Hilo peke yake lilitosha kunitia shaka, lakini fundi alitaka kuona mlima. Tukapanda watu wanne kuelekea Sipi, kutoka mita kama 1,100 huku chini hadi karibu 1,800. Kabla hatujafika, mshale wa joto ulivuka katikati ukawa unaendelea. Tukasimama, tukaiacha ipoe kabisa, tukafungua kifuniko na kuiwasha. Mapovu yakaanza kupanda moja moja, bila kukoma. Hiyo ni hewa ya moto kutoka ndani ya silinda, imepata njia ya kuingia kwenye maji.

Huo ndio udhaifu unaojulikana wa 1KZ. Silinda hedi yake ni ya alumini, bloku ni ya chuma, na vyuma hivyo viwili havitanuki sawa. Ikichemka sana, hedi inapinda au inapasuka. Hedi nyingine zipo Kisekka, soko la vipuri la Kampala, lakini ukishalipa hedi, gaskiti na kazi ya fundi, umenunua robo ya gari jingine. Na iliyotunzwa kwa kulanti tangu mwanzo inaweza kudumu miaka na miaka, sitaki kuidhulumu. Ile haikutunzwa.

(Dizeli mpya zaidi, 1KD ya D-4D, sikuigusa. Bei ilinizidi, na injekta zake za shinikizo kubwa hazisamehe dizeli chafu. Ninakokwenda, dizeli wakati mwingine inatoka kwenye pipa.)

Hii ninayoendesha sasa ni 3RZ-FE, petroli, silinda nne, lita 2.7. Haina tabo. Haina mkanda wa taiming wa kubadilisha kila kilomita 100,000 kama dizeli ile, ina mnyororo. Niliipata kwa milioni 31, na kwenye mlima ule ule wa Sipi mshale haukutikisika. Kasoro zake nazijua vizuri. Ukiipakia, inapanda polepole na lazima uishushe gia mapema, maana bila kuikanyaga haina nguvu. Julai, katika mto wa msimu kabla ya Amudat, maji yaliruka hadi kwenye nyaya za plagi, injini ikakohoa na kuzima. Tulikaa nusu saa tukifuta kwa kitambaa huku naangalia barafu. Dizeli haina plagi za cheche, ingepita. Na mafuta: kilomita 7 kwa lita, 6 kukiwa na tope. Kwa safari zangu, kila mwezi nalipa karibu laki tatu zaidi ya mwenye 1KZ.

Nazilipa bila kinyongo. Kila kijiji chenye bodaboda kina petroli ya chupa, naichuja kwa kitambaa na kuendelea, wakati dizeli ingenirudisha hadi kwenye stesheni. Kwa miezi 14 nimebadilisha oili, plagi, pampu ya maji na bushi za mbele. Hakuna chanjo hata moja iliyoharibika.

Shemeji yangu anavuta trela la ng'ombe, naye nilimwambia wazi achukue dizeli, kwa sababu 2.7 itamtesa. Nikamsihi asikubali kuikuta injini imewashwa, na asome namba ya injini kwa tochi aifananishe na logibuku (kitabu cha usajili wa gari), maana nyingi zimeshabadilishwa injini. Amepata 1KZ moja Tororo. Anasema maji ya rejeta ni ya kijani na safi. Jumamosi tunaipandisha Sipi.